Marahaba ya Mjomba Bwanali

Kitangari,
12 Juni 1994

Mama Cecil, shikamoo.

Punda amefika. Uliyemtuma amemfikisha salama kutoka huko Chiwata mpaka kwenye mlango wa ua wangu, na hapo mlangoni ndipo punda alipoamua kwamba safari yake imekwisha. Tulimvuta, tukamsukuma, tukambembeleza kwa maganda ya muhogo, hakuingia. Amelala nje. Asubuhi nimemkuta kaingia mwenyewe, anautafuna mpapai wangu mchanga.

Mjomba Bwanali alipita akauliza nimeruhusiwa na nani kufuga punda. Basi nimempa jina Ruksa. Kila akiuliza, jibu lake limesimama uani linamwangalia.

Tulipolala vitanda jirani kule wodini nilikugusia habari za mjomba juu juu tu, maana nyonga ilikuwa inauma na sikutaka kuumwa mara mbili. Leo nakueleza yote. Kwetu mjomba ndiye mwenye kauli, na huyu ni kaka yake marehemu mama, hakuna mwingine aliyebaki. Tangu nilipoteleza na ndoo kwenye mteremko wa bondeni, nyonga ikaunga upande, yeye anasema mwanamke asiyeweza kupandisha maji hana nyumba. Bomba la kijiji linatoa upepo tu, kwa hiyo maji ni yale yale ya bondeni. Anataka nihamie uani kwake, nipewe chumba nyuma ya jiko, na mikorosho yangu aitazame yeye. Nikamwambia maji nitayaleta. Akauliza kwa mguu upi. Nikamjibu kwa minne. Alicheka mpaka akakohoa.

Kabla ya mvua ukoo utakaa kikao. Siku hiyo nikiwa nateka maji yangu mwenyewe, nabaki kwangu. Kama siteki, nahama. Kayasema hayo mbele ya watu.

Sihami, Mama Cecil. Nyumba hii udongo wake niliukanyaga mwenyewe na marehemu mume wangu, na Twahiru alizaliwa chumba cha upande wa kulia. Twahiru yuko Mtwara anabeba mizigo bandarini, akirudi atanikuta hapa hapa.

Sasa nifundishe, nampandaje? Jana nilikipindua kinu, nikasimama juu yake ili nimkalie. Ruksa akasogea kando hatua moja tu, bila hasira, nami nikakaa chini mavumbini.

Ni mimi,
Rahima, Mama Twahiru


Chiwata,
26 Juni 1994

Mama Twahiru,

Marahaba, na baada ya marahaba nakugombeza. Kinu ni cha kutwangia. Ukipanda tena juu ya kinu na nyonga hiyo, nakuja Kitangari kumchukua punda, na wewe nakurudisha wodini kwa mikono yangu.

Huyo ni mtoto. Mfunue mdomo umwangalie. Meno mawili ya mbele katikati yamebadilika, lakini yanayofuata, moja huku na moja huku, bado ya kitoto. Mpaka hayo nayo yaanguke na makubwa yatokeze, humkalii wala humbebeshi. Ukimkalia sasa mgongo utabonyea, na utabaki unafuga mlemavu mwenzio. Nasema mlemavu kwa sababu na mimi ni mlemavu, wala usinune.

Kazi yote kwa sasa inafanyika miguu yako ikiwa chini. Watu hawalijui hili. Wanadhani punda anafundishwa kwa kupandwa na kupigwa. Mvalishe hatamu ya kamba, laini, isimkate. Akigoma usimvute mbele, maana kwa kuvutana atakushinda mpaka kiama. Mgeuze kichwa pembeni kidogo, atalazimika kunyanyua mguu, na akinyanyua tu, legeza kamba. Kulegeza ndiyo shukrani anayoielewa. Mshike mwili mzima kila siku, masikio, tumbo, mkia. Mnyanyue kwato moja moja. Mfungie madumu matupu yagongane ubavuni mpaka aone ni jambo la kawaida. Mtandikie gunia. Akishatulia, chukua kamba mbili ndefu kutoka kwenye hatamu, wewe kaa nyuma yake, umwendeshe kwa kamba na kwa mdomo, kama unavyopanga kumwendesha ukiwa juu. Ukitaka asimame sema "tulia". Ukitaka aende sema "twende". Maneno hayo mawili tu, usimhutubie.

Na mtafutie mbuzi wa kulala naye. Punda akiwa peke yake anakuwa na mawazo.

Watu watacheka. Mimi nampanda wangu kila Jumapili kwenda kanisani, na sketi yangu, na kofia. Mwanzoni walicheka hata kwaya ikakosea wimbo. Sasa wananiomba niwabebee watoto.

Ethel, Mama Cecil


Kitangari,
21 Agosti 1994

Mama Cecil, shikamoo.

Ruksa ananyanyua kwato kabla sijamwomba. Madumu yakigongana anasinzia. Gunia halimpi shida, na mbuzi wa Bimdogo jirani yangu sasa halali kwao, analala huku. Kamba mbili ndefu tumezianza mwezi uliopita. Mimi nyuma na fimbo yangu, yeye mbele na masikio yake, tunazunguka kijiji taratibu, maana na mimi mwenyewe mwendo wangu ndio huo. Tambarare naiweza. Mteremko ndio sithubutu.

Watu wanasema nalima hewa. Wengine wanauliza mbegu nimepanda lini. Nawajibu mvua zikinyesha wataona kilichoota.

Mjomba kachukua hatua nyingine. Haitikii shikamoo yangu. Nikimwamkia anaangalia paa za nyumba mpaka nimalize, halafu anapita. Kawaambia watu kwamba hataniitikia mpaka siku nitakayobeba godoro kwenda kwake. Nimempa shikamoo tangu sijaota meno, Mama Cecil, na hata siku alipomzika mama aliniitikia huku analia. Inaniuma kuliko nyonga. Lakini siachi kumwamkia. Adabu ni yangu, kama yeye kaiweka yake kabatini shauri yake.

Shida moja tu. Ruksa ana ugonjwa wa kusimama. Tunakwenda vizuri, mara anasimama katikati ya njia, hasikii "twende" wala kamba. Halafu ghafla anaendelea, kama aliyekuwa anakumbuka kitu. Juzi mbele ya mjomba ndiyo nilitahayari. Tulikutana kwenye njia ya msikitini, Ruksa akasimama, mjomba akapita zake bila neno, na punda akabaki pale kama kigingi mpaka akatokea imamu mzee. Baadaye nikasikia mjomba anawaambia watu kumbe hata punda kamchoka. Nimemkagua kwato, hakuna jiwe. Macho mazima. Niambie ni nini kabla sijaaibika zaidi.

Rahima


Kitangari,
2 Septemba 1994

Kwa Bibi Ethel (Mama Cecil),
Chiwata, Masasi.

YAH: PUNDA WAKO ALIYEKO KWA MPWA WANGU

Salamu. Natumaini barua hii itakukuta na afya njema. Mimi ni Bwanali bin Fakihi, mjomba wa Rahima, na ndiye msimamizi wake kwa mila za hapa kwetu.

Nakuarifu ya kuwa punda uliyempatia mpwa wangu ni mbovu. Anasimama njiani bila sababu. Zaidi ya hayo, mpwa wangu anazunguka naye kijijini akiwa amemfunga kamba kwa nyuma, jambo ambalo halijapata kuonekana, na watoto wanamfuata. Ukoo wetu si ukoo wa kufuatwa na watoto.

Ninapendekeza mambo mawili. Ama umchukue mnyama wako, ama uniachie mimi. Msimu wa korosho umefika, soko sasa ni huria, wanunuzi wanakuja na malori yao lakini wanaishia barabarani, na magunia yanatoka shambani kwa vichwa vya watu. Mnyama yule akianza kubeba sasa hivi atapata nguvu. Kumzungusha mtupu ni kumdekeza.

Bibi Ethel, na hili nakuandikia wewe tu. Siku Rahima alipoanguka bondeni mimi ndiye niliyempandisha mgongoni, na njia nzima alikuwa hasemi. Nilidhani nabeba maiti ya mtoto wa dada yangu. Sasa anataka kushuka mteremko ule ule akiwa juu ya mnyama asiyejua kwenda. Watu wakiniuliza mpwa wako yuko wapi, nijibu yuko juu ya punda?

Naomba busara yako.

Bwanali bin Fakihi


Chiwata,
11 Septemba 1994

Mzee Bwanali,

Barua yako nimeipata na nimeisoma mara mbili, mara ya pili kwa ajili ya yale maneno ya mwisho.

Punda si wangu. Nilimpa Rahima, na nikishampa mtu kitu sikidai. Si mbovu. Bado mchanga, na ukimbebesha gunia la korosho mwaka huu, mwakani hutakuwa na punda, utakuwa na ngozi.

Kwa kuwa ulimbeba siku ile, nakuheshimu. Lakini ulimbeba siku moja. Yeye anataka namna ya kwenda siku zote zilizobaki. Kama unaogopa, mwambie unaogopa. Kumnyima marahaba hakumfundishi kitu ila kwamba mjomba wake ana kinyongo.

Kuhusu watoto kumfuata, punda wangu pia walimfuata. Hawaumi.

Ethel


Chiwata,
11 Septemba 1994

Mama Twahiru, marahaba.

Punda mwenye afya hasimami bure. Amefundishwa, na aliyemfundisha ni wewe, hata kama hujui. Acha kumkagua yeye, jikague mwenyewe. Kabla hajasimama, wewe unafanya nini? Mkono unakwenda wapi? Mdomo unasema nini? Na anapoondoka, nini kimetokea kabla yake? Niandikie.

Mjomba wako usimchukie sana. Sina zaidi ya kusema juu ya hilo.

Ethel


Kitangari,
25 Septemba 1994

Mama Cecil, shikamoo. Na hiyo shikamoo ndiyo habari yenyewe.

Juzi nimekaa barazani na Bimdogo tunachambua kunde. Ruksa anazunguka uani na madumu yake, hana kamba, hana mtu. Akapita mzee mmoja nyuma ya ua. Bimdogo akaita, "Shikamoo baba." Ruksa akasimama papo hapo, mguu mmoja uko hewani. Yule mzee masikio yake yamechoka, hakuitika. Ruksa akangoja. Tukamtazama, akatutazama. Bimdogo akaninong'oneza, huyu vipi. Mimi nikasema polepole, "Marahaba." Punda akateremsha mguu, akaendelea na safari yake.

Tulicheka mpaka kunde zikamwagika, na nyonga ikanilipiza usiku kucha.

Unaona lilivyokuwa. Mimi njia nzima nakutana na wakubwa zangu. Mtu huwezi kumwamkia mkubwa huku unatembea, lazima usimame, ukunje goti kidogo, na kwa nyonga yangu goti hilo lina hesabu zake. Nikisimama kamba inakaza, Ruksa anasimama. Mkubwa akiitika nalegeza, tunakwenda. Wewe ulimpa "tulia" na "twende". Yeye akachagua maneno anayoyasikia zaidi. Wote wawili tulikosea, tukamfundisha adabu.

Sasa nimeelewa na ile siku ya njia ya msikitini. Mjomba alipita bila kuitika, na punda akabaki anangoja. Nilipoitambua hiyo nikaacha kucheka. Tulikuwa tunangoja wawili.

Mambo mengine si ya kuchekesha. Mjomba kawakataza mabinti wa uani kwake kuniletea maji. Bimdogo ananiachia ndoo gizani nyuma ya choo, naye ana watoto saba, kwa hiyo nimemwambia asilete kila siku. Naoga kwa kikombe. Swala natayamamu kwa mchanga wakati nyumba ya mjomba wangu iko hatua chache na mtungi umejaa. Hataki nife. Anataka nichoke. Naomba nimpande Ruksa sasa. Nimekonda, hatanihisi.

Rahima


Chiwata,
6 Oktoba 1994

Mama Twahiru, marahaba.

Nimecheka peke yangu mpaka Cecil akaja kuuliza kama ninaumwa. Lakini sikiliza. Lifute neno hilo. Mnyama anayesimama kwa kila anayeamkia si wa kwako, ni wa kijiji, na akisimama kumngoja mtu mahali pa mteremko mtaviringika wote. Kila akisikia shikamoo wewe sema "twende", umsogeze, mpaka asahau.

Kuhusu kumpanda, jibu ni hapana, na ungekuwa na kiu kama jangwa jibu lingekuwa hapana. Nakuonea uchungu kuliko unavyodhani. Lakini umefanya kazi hii kwa miezi kwa sababu hutaki mtu akulazimishe kabla ya wakati wako. Usimfanyie yeye.

Angalia meno. Yakitokeza, mtandike magunia mawili yaliyokunjwa, umlalie kwanza kwa tumbo, huku miguu yako bado inagusa chini. Kesho yake hivyo hivyo. Halafu ukae, Bimdogo ashike hatamu, uani tu. Akishazoea, wewe na dumu dogo moja, si zaidi. Madumu makubwa mwakani.

Ethel


Kitangari,
20 Oktoba 1994

Mama Cecil, shikamoo.

La kushoto limetokeza. La kulia ufizi umevimba. Kila asubuhi namfunua mdomo kabla sijafunua dirisha. Kikao ni Ijumaa ya pili ya Novemba, mjomba katangaza baada ya swala, kaagiza na wazee wawili wa ukoo kutoka Chilangala. Kawaonyesha watu kile chumba nyuma ya jiko, kimepigwa chokaa. Kinapendeza. Alale yeye.

Rahima


Kitangari,
13 Novemba 1994

Mama Cecil, shikamoo.

Kaa chini kwanza.

Jino la kulia lilitoka. Nilimlalia kwa tumbo kama ulivyosema, nikakaa kama ulivyosema, tukazunguka uani na Bimdogo, baadaye tukatoka nje, baadaye tukashuka nusu ya mteremko tukarudi. Kwenye mteremko nilifumba macho, nakuambia ukweli. Yeye alifumbua kwa niaba yetu. Anashuka kwa kupima, kwato moja, halafu nyingine, na kila kitu alichokijua mimi nikiwa chini, alikijua na mimi nikiwa juu. Nilipolia hakujali.

Alhamisi, siku moja kabla ya kikao, tukaenda mpaka chini kabisa. Miaka miwili sijaliona bonde. Nikajaza dumu langu dogo kwa mkono wangu mwenyewe. Nikanawa uso, nikatia udhu kwa maji, nikakaa pale kidogo. Halafu tukaanza kupanda, mimi mbele juu ya Ruksa, nyuma yangu Bimdogo, jirani mwingine Shakila, na wanawake wengine, foleni nzima, ndoo vichwani.

Karibu na juu unajua njia za huku, zimechimbika, ukuta huku ukuta huku, wanapita mmoja mmoja. Hapo ndipo tulipokutana na mjomba anashuka. Anawapeleka wale wazee wawili wa Chilangala kuona bustani zake za bondeni. Uso kwa uso.

Uliniambia nilifute lile neno. Sikulifuta. Nilisema moyoni, mnyama huyu ndiye peke yake Kitangari nzima anayeona shikamoo yangu inastahili jibu, nimwache asahau kwa nini.

Sasa ningefanyaje? Nikinyamaza mbele ya wakubwa watatu, mimi ndiye sina adabu. Nikaomba radhi kwamba nyonga hainiruhusu kushuka, nikainamisha kichwa, nikawaamkia kwanza wageni. Wakaitika. Nikasema, "Shikamoo njomba."

Ruksa alikuwa kanyanyua kwato aondoke. Akairudisha chini.

Mjomba akatazama juu kwenye ukingo. Tukakaa. Mimi nimekaa, yeye kasimama. Akamsukuma Ruksa kifuani. Akasema twende. Akampiga fimbo moja ya bega, punda akafumba macho tu. Nikamwambia kwa upole, "Njomba, huyu hataki fimbo. Anangoja neno."

Nyuma Shakila akasema, "Jamani, shingo." Mwingine akasema, "Mzee Bwanali, mwitikie mwenzio, tuna maji kichwani." Mzee mmoja wa Chilangala akauliza kuna nini, na Bimdogo akamweleza yote kwa sauti ya kusikika mpaka bondeni, tangu Agosti haitikiwi, na punda anajua.

Mama Cecil, uso wa mjomba ulibadilika. Akaangalia kule chini tulikotoka, akaangalia mguu wangu mbovu unavyoning'inia. Akasema, "Ukianguka tena mimi sina mgongo wa kukubeba." Sikujua kama alikuwa anawaza hilo. Siku ile sikumbuki nani alinipandisha, hakuna aliyewahi kuniambia. Nikamwambia, "Ndiyo maana nikamfundisha huyu, njomba." Na sikuvuta kamba, sikusema twende. Huruma nilimwonea, lakini sikusogea.

Tulikaa sana. Ndoo moja ikateremshwa, ya pili ikamwagikia mtu mgongoni, wanawake wakaanza kulalamika wote kwa pamoja. Mwisho akapandwa na hasira, akapiga fimbo chini akasema, "Marahaba, Rahima. Marahaba. Haya, pita na maji yako, nenda nyumbani kwako."

Ruksa akaondoka. Mjomba akajibana ukutani kutupisha, na wazee nao, na ndoo zote zikapita mbele yao.

Kesho yake kikao kilikaa. Mzee wa Chilangala akauliza tumeitiwa nini. Mjomba akaanza kueleza habari ya nyumba na maji. Yule mzee akamkatiza, akasema mimi nilikuwepo njiani, nimekusikia mwenyewe ukimwambia apite na maji yake aende nyumbani kwake. Tunakaa kuzungumza nyumba ya nani? Mjomba akaagiza uji uletwe. Wakanywa uji wakaondoka.

Kile chumba kilichopigwa chokaa kawekea magunia ya korosho. Kanitumia mtu kuuliza kama punda naye anaweza kubeba. Nimemjibu mwakani, meno mengine bado, na kwamba aje kuomba mwenyewe.

Wako,
Rahima,
Nyumbani kwangu, Kitangari